Mtu Niliyemfunga Kwenye Karia

Bugarama, Muramvya,
11 Februari 2018.

Mpendwa mdogo wangu Kalisti,

Nakusalimu kutoka kwenye ukungu wetu, ambao leo umelala barabarani tangu alfajiri na hauna dalili ya kuinuka. Hujambo? Shemeji Anjelika hajambo? Na watoto je, wameizoea hiyo baridi ya Kanada ambayo unasema inagandisha ndevu? Sisi huku tu wazima. Shemeji yako Gaudensia ana kikohozi ila bado ananigombeza kama kawaida, kwa hiyo najua si kikohozi kibaya. Mama yako magoti yanamsumbua, lakini Jumapili iliyopita alikwenda kanisani kwa miguu na kurudi kwa miguu, akamwambia padri mbele ya watu kwamba mahubiri yake yanachosha kuliko mlima. Usimhofie.

Barua yako ya Noeli imefika, na ile picha pia. Gaudensia aliitazama sana. Akaniuliza, "Hawa wazungu waliovaa nguo za kubana, wanapeleka nini?" Nikamwambia hawapeleki kitu, baiskeli zao hata karia hazina, wanapanda mlima kwa kujifurahisha. "Na juu wakifika?" Nikasema wanashuka. Akakuombea, eti umekwenda kuishi na wagonjwa.

Sasa, mdogo wangu, nije kwenye lile uliloliandika ukurasa wa pili. Umesema habari zangu zimekufikia, kwamba nilimfunza adabu dereva wa lori aliyemwangusha mwenzetu Melkior, na kwamba umewasimulia Warundi wenzako huko wakapiga makofi na kuninywea bia. Umeniita dume. Barua hiyo nimeisoma nikiwa nimesimama, nikashindwa kukaa. Kwenye simu nimekukwepa miezi minne. Leo nakuandikia yote, nawe usome mpaka mwisho kabla hujampigia mtu yeyote.

Unaijua hii barabara kuliko jina lako. Umeteremka nayo miaka sita, mikungu minane ya ndizi nyuma, ndara kwenye tairi kwa sababu breki zilikuwa zimekwisha siku ya kwanza, na jioni ukirudi umeshika nyuma ya lori kama sisi wote. Unajua tunavyowasema madereva: kwamba hawana mama, kwamba wakigonga mtu wanamtazama kwenye kioo na kuongeza mwendo. Nao wanatuita kupe. Wenye magari madogo wanatupigia honi kama tumeziba mlango wa nyumba yao. Wa pikipiki wanatuona maskini, ilhali juzi tu nao walikuwa wanasukuma pedali. Na waendao kwa miguu wanatulaani sote kwa pamoja. Mimi fundi nimesikia yote hayo miaka ishirini, mkono wangu ukiwa ndani ya gurudumu la mtu, na nikayaamini yote, hasa lile la dereva na kioo.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa kumi, baada ya chakula cha mchana, mvua imetoka kukatika. Nilikuwa kibandani nanyoosha ringi. Lori lenye kichwa cha buluu likapita kwa kasi kwenda Kayanza, saruji mgongoni, na nyuma yake hakuna hata baiskeli moja iliyoning'inia. Nililiona, Kalisti. Nikajisemea, hili leo limekosa kupe. Kisha nikainamia ringi yangu.

Dakika kama kumi hivi baadaye akafika Sabini, yule wa Rukina aliyekuwa akishindana nawe. Ameshika nyuma ya pikapu, macho yamemtoka, anapiga kelele kabla hajafika.

"Evariste! Wamemuua Melkior!"

Akaniambia walikuwa wanne nyuma ya lori. Utingo akatambaa juu ya mifuko na nondo mkononi, akaanza kuwapiga vidole mmoja baada ya mwingine huku anacheka. Wengine waliachia. Melkior alikuwa amefunga kamba ya baiskeli kwenye chuma, hakuwahi kuifungua. Alipigwa mara tatu. Alianguka kwenye kona ya mikaratusi, akaburutwa, kamba ikakatika.

"Lori gani?" nikauliza.

"La saruji! Kichwa cha buluu!"

Wenzetu walikwisha jaa kibandani, na wauza mboga wameacha mafungu yao. Kabla sijatoa mguu kuteremka, tukasikia honi kutoka chini. Honi ndefu, haikatiki, ya mtu anayetaka soko zima limpishe. Ukungu ukafunguka kidogo, na kikatokea kichwa cha buluu. Saruji juu.

Hapo ndipo nilipaswa kukumbuka lile la kwanza. Sikukumbuka. Au nilikumbuka nikalisukuma, mpaka leo sijui. Niliona buluu, basi.

Watu walitupa magogo na mawe barabarani. Lori likasimama. Mlango ukafunguka, akashuka mwanamume wa makamo, mnene kidogo, hana shati, fulana tu iliyolowa damu tumboni. Akainua mikono yote miwili.

"Jamani, nisaidieni! Nina mtu humu!"

Tukatazama ndani. Melkior alikuwa ameegemea dirisha, kichwa kimelala, mkono wa kulia umekuwa donge la nyama na nguo. Sauti nyuma yangu ikasema, "Alikuwa anakwenda kumtupa!" Mimi ndiye niliyekuwa karibu kuliko wote, na spana niliyokuwa nafanyia kazi bado ilikuwa mkononi.

Nilimpiga taya. Nilisikia mfupa ukivunjika kama kijiti cha kuwashia moto, na nataka ulijue hili: ulinipendeza mlio ule. Alianguka magotini, akanitazama. Nikampiga tena, sikioni. Baada ya hapo wenzangu hawakumwacha. Walimpiga kwa pampu, kwa minyororo, kwa mawe. Wauza mboga walimpiga kwa vigoda vyao. Mtu alizinyakua funguo za lori akazirusha bondeni, na utingo wake, kijana mwembamba ambaye hakuwa amemgusa mtu, alikwisha kimbilia msituni. Watu walikuwa wanapiga vigelegele, Kalisti, kama kwenye harusi.

Mimi nilipanda ndani nikamtoa Melkior. Nikamlaza kwenye magunia kibandani. Akafumbua macho.

"Kaka. Mzee yuko wapi?"

"Mzee gani?"

"Aliyeniokota. Alivua shati lake akanifunga mkono."

Nikautazama ule mkono. Nguo iliyouzunguka ilikuwa shati la mwanamume, la mistari, limekunjwa vizuri na kukazwa kwa mikono ya shati hilo hilo.

Sikumbuki nilivuka vipi barabara. Nakumbuka nilikuwa nasema, "Acheni! Si yeye! Si yeye!" na hakuna aliyesikia. Nikamlalia. Nilimfunika mwili mzima, nao wakaendelea kunipiga mimi. Mbavu zangu mbili zilivunjika pale, na pampu ya Sabini ilinipasua bega. Walipoona ni mimi wakasimama, mmoja mmoja, mikono bado imeinuliwa. Niliwaambia huyu ndiye aliyemwokota Melkior. Wakaanza kurudi nyuma. Baada ya muda mfupi barabara ilibaki na mimi, yeye, mawe, na karoti zilizokanyagwa.

Niliwafikisha wote wawili kwenye zahanati ile unayoijua. Muuguzi alimtazama Melkior akasema, "Huyu nitahangaika naye hapa hapa." Akamtazama yule mwingine, akatikisa kichwa. "Damu inamtoka sikioni. Mpeleke mjini, sasa hivi. Akilala hapa atakufa."

Nilisimama katikati ya barabara nikapunga mikono. Basi dogo lilinikwepa. Gari la mizigo liliona damu yangu, likafunga vioo, likaongeza mwendo. La tatu liligeuza kabisa likarudi lilikotoka. Wote walikuwa wamekwisha ona lile lori la buluu na vioo vyake vilivyovunjwa. Mimi mwenyewe ningekuwa dereva nisingesimama.

Basi nikachukua baiskeli yangu. Nilimkalisha kwenye karia, nikampitisha mikono kiunoni kwangu, nikamfunga kwangu kwa mipira ile ile ya tyubu tunayofungia ndizi. Muuguzi alinisaidia kukaza. Uso wake ulikuwa mgongoni pangu, na damu yake ilikuwa na joto.

Kilomita thelathini na tano, Kalisti, lami imelowa, na mzigo unaopumua. Nimeteremka na kilo mia mbili bila kuogopa. Siku ile niliogopa kila mita. Ndara yangu ya kulia iliisha kabla ya nusu ya safari, nikaendelea kukanyaga tairi kwa unyayo. Alama bado ninayo.

Hakuweza kusema, taya lilikuwa limening'inia. Lakini katika kona ya kwanza kali nilihisi kidole chake kikinigonga tumboni. Mara mbili. Nikapunguza mwendo. Kona ya pili, tena mara mbili. Alikuwa haoni kitu, macho yamevimba yamefunga, lakini alizijua kona zote kwa jinsi mwili ulivyoelemea, nami nikamtii. Palipokuwa na mashimo aligonga mara tatu. Nilianza kuongea naye. Nilimwambia, "Mzee, shika. Mzee, usilale." Kila nilipomwita mzee nilihisi aibu hadi kwenye meno.

Kwenye kizuizi cha chini askari mmoja alinisimamisha.

"Mzigo gani huo?"

"Mtu."

"Mzima au maiti?"

"Mzima, afande. Niache nipite."

"Nani kamfanya hivi?"

Nikasema, "Watu." Kalisti, nilisema watu. Akanizungushia macho, akainua kamba, nikapita. Kile kidole tumboni kilitulia kabisa, nikadhani amekufa. Kisha nikahisi mikono yake imekaza zaidi.

Hospitalini walimchukua wakakimbia naye. Jina lake ni Ezekieli Barampama, mtu wa Ngozi. Taya lilivunjika sehemu tatu, wakalifunga kwa waya. Sikio la kushoto limekufa. Figo moja ilipasuka. Alikaa kitandani wiki saba.

Nilikuwa nikienda kila siku ya pili, nimefungwa bandeji mbavuni. Mkewe, Konsolata, alikuja kutoka Ngozi na kanga moja na sufuria. Walioniona nikimleta walikuwa wamekwisha mwambia. Siku ya kwanza alinipigia magoti. Alisema, "Nasikia ulimlalia, ukapigwa kwa ajili yake. Wewe ni malaika gani?" Alichukua shati langu lenye damu akalifua kwa mikono yake, akalirudisha limekunjwa. Nilimletea uji wa mtama, kwa kuwa mgonjwa alikuwa anakula kwa mrija tu. Nilijiambia kila nikitoka nyumbani, leo nitasema. Nilipofika nilisema habari za mvua.

Wiki ya nne madaktari walimpa Barampama daftari na kalamu ili aandike anachotaka. Nilipoingia alikuwa ameketi, uso umeanza kuwa uso. Aliandika, akachana karatasi, akaninyooshea. Lakini Konsolata alikuwa kati yetu, akaipokea yeye, akaisoma kwa sauti kama alivyokuwa akinisomea zote.

"Spana ilikuwa yako."

Akamtazama mumewe, naye akaandika tena. Akasoma na hiyo, sauti imeshuka.

"Nilijua tangu unanifunga. Nilikushika wewe kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kushika."

Konsolata aliniuliza, "Kweli?"

"Kweli, mama. Mimi ndiye wa kwanza. Wengine walinifuata."

Alinipiga kwa chupa ya chai. Ilikuwa imejaa. Ilivunjika kichwani pangu, chai ikanichoma shingo, na alipokosa chupa akanipiga kwa ngumi, kwa kiatu, kwa kichwa. Alikuwa analia huku anasema, "Nimefua shati lako! Nimefua shati lako!" Wagonjwa waliamka, wauguzi wakaja kumshika. Mimi sikuinua mkono hata kujikinga macho. Juu ya kichwa chake nilimwona Barampama akiniangalia. Hakuwa anafurahi wala hakuwa anamzuia mkewe. Aliandika neno moja, akaligeuzia kwangu: "Sema."

Nikauliza, "Niseme wapi?"

Akaandika, "Kwenu."

Nikasema. Jumapili baada ya misa, mbele ya wazee waamuzi wa mlima wetu na watu wote wa baiskeli, nilisimama nikaeleza jinsi nilivyoliona lori la kwanza, nikamtaja Barampama kwa jina lake, na nikasema ni nani aliyempiga kwanza. Sikutaja mwingine. Nilisema kila mtu ana mdomo wake. Hakuna aliyefungua wake. Kutoka pale nilikwenda mwenyewe polisi, nikakaa ndani miezi miwili, nikatolewa baada ya Barampama kuandika kwamba hataki kesi iendelee. Hakuandika kwamba amenisamehe. Niliiomba ile karatasi niisome mwenyewe, neno hilo halimo.

Lori la kwanza halijajulikana mpaka leo. Utingo yule mwenye nondo yuko mahali anakula.

Nilipokuwa ndani walikichoma kibanda changu. Waliogopa nitawataja. Gaudensia alitoka na panga, akasimama mbele ya moto, Sabini akamwambia, "Mumeo ametuuza kwa dereva." Akamjibu, "Mume wangu amewafichia majina, mbwa nyie, na ninyi mnachoma spana zake." Akamkata Sabini mkono, si sana, nyuzi tisa. Sasa hawasalimiani, ingawa kisima ni kimoja. Kibanda nimekijenga upya kwa mabati mabovu. Wateja wanarudi polepole, maana ringi ikipinda haimchagui fundi.

Melkior yu hai. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vimekatwa, na mguu unachechemea. Hapandi tena barabara kuu. Analima viazi na mkewe, na kila Jumamosi anateremka kwa basi kwenda kumwona Barampama, ambaye sasa anaishi mjini. Wanacheza karata. Mimi sijaalikwa, nami sijaomba.

Jumatatu iliyopita Barampama alipita hapa. Ni safari yake ya kwanza tangu siku ile. Wamempa lori jingine, jekundu. Nyuma yake walikuwa wameshika vijana saba wa baiskeli, na wawili kati yao nawajua, walikuwa na mawe mikononi siku ile. Hakuyumbisha lori kuwaangusha. Hakuwa na utingo juu. Lilipofika mbele ya kibanda lilikuwa linakwenda polepole kwa sababu ya mlima, na taya lake nililiona limepinda upande. Aligeuza kichwa chote kunitazama, maana upande huo hasikii. Nilisimama, nikaweka chini nilichokuwa nimeshika, nikabaki na mikono mitupu ili aione. Hakupiga honi, hakutikisa kichwa. Alinitazama mpaka barabara ikamlazimisha kutazama mbele. Nikasimama hivyo mpaka wa saba amepita.

Kwa hiyo nakuomba, mdogo wangu, uwaite hao waliopiga makofi, uwape hadithi yote na jina la mtu. Kama watakataa kuninywea bia tena, watakuwa wametenda haki.

Msalimie sana Anjelika na watoto. Melkior anakusalimu na anasema ukimtumia picha nyingine iwe ya lori la huko, si ya baiskeli. Mama yako anauliza kama kweli theluji inaliwa. Gaudensia anakutakia afya, nami namwomba Mungu awafikishe salama kila mnapotoka nyumbani, kwa gurudumu lolote litakalowabeba.

Ni mimi kaka yako nikupendaye bila kupungua,

Evariste Ntirandekura